Vyakula vya Baridi katika Bara Hindi

Maneno ya leo ni juu ya chungu.

Katika pwani yetu, kaskazi inapoanza kuvuma mwezi wa Disemba, sisi huanza kulalamikia joto. Madirisha huachwa wazi, mikeka hutolewa uani, na mtu akiletewa supu ya moto adhuhuri huona kana kwamba ameadhibiwa. Ni wachache wakumbukao kwamba upepo huo huo umezaliwa na baridi. Bara la Asia hupoa mno katika miezi hiyo, hewa yake ikawa nzito, ikateremka kuelekea bahari ya kusini iliyo vuguvugu. Na kwa upepo huo ndipo majahazi ya Kachi na Malabar yalipokuwa yakishuka Mombasa na Unguja kwa karne nyingi. Basi saa ile mtu wa Mombasa anapojipepea kwa kipepeo, mtu wa Delhi amejifunika blanketi mpaka masikioni.

Mimi nalikuwa miongoni mwa wasiokumbuka, hata mwezi wa Januari mwaka 2018 nilipomsindikiza mama yangu Delhi kwa matibabu ya moyo. Tulipanga vyumba viwili katika mtaa wa Okhla, ulio kusini ya mji karibu na mto Yamuna, mtaa wenye Waislamu wengi. Mwenzetu mmoja aliyetangulia alikuwa ametuambia kwamba India ni nchi ya joto, nasi tukachukua kanzu nyepesi, leso za mama na shali moja. Kosa hilo nililijua tulipotoka uwanja wa ndege. Katika Januari, usiku wa Delhi aghalabu hushuka mpaka digirii 7 za sentigredi, na ziko siku hufika 3 au 4. Ukungu hukaa mpaka karibu na adhuhuri, na jua likitoka huwa kama taa iliyotiwa mafuta kidogo.

Tena nyumba zenyewe hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Zimejengwa kwa ajili ya Mei na Juni, wakati joto lipitapo digirii 40: sakafu za mawe, dari za juu, madirisha makubwa. Katika Ulaya mtu hutoka kwenye baridi akaingia nyumbani akavua koti. Delhi huingia nyumbani ukaongeza koti. Nalistaajabu jinsi watu hawa wanavyoishi, mpaka nilipofahamu kwamba wao hawazipashi moto nyumba zao ila kidogo. Moto wao wameutia chunguni.

Ufahamu huo ulinijia kwa njia ya kutisha kidogo. Mama alikuwa ametoka hospitali siku nne, na tangu atoke hakuwa amekula kitu cha maana. Chai nusu kikombe, kipande cha mkate, basi. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki. Nikaenda sokoni nikanunua seredani na makaa, nikakoka moto, nikaupeleka chumbani kwake, nikafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Bibi mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye wapangaji wote humwita Apa, yaani dada mkubwa, alisikia harufu ya makaa kutoka ngazini. Alipanda mbio, akafungua mlango pasina kubisha, akalibeba lile seredani kwa mikono yake akalitoa nje. Kisha akanigeukia. Urdu yake sikuijua wakati ule, lakini mtu akigombezwa hahitaji mkalimani.

Mwanawe alinifasiria baadaye. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo rangi wala harufu, na kila mwaka katika miezi ya baridi watu hulala na seredani kaskazini ya Bara Hindi wasiamke, jamaa nzima chumba kimoja. Nalikuwa nimeijua habari hiyo zamani, nikaisahau kwa huruma. Nalitaja hapa kwa urefu kwa sababu wako wasomaji wetu waliohamia nchi za baridi, na wako wanaoishi milimani hapa petu, na seredani ni chombo chetu cha kila siku.

Apa hakuondoka na moto tu akatuacha na baridi. Baada ya muda wa saa moja alirudi na bakuli lililofunikwa kitambaa. Mama akafunua, akatazama, akanusa, akasema: “Mwanangu, huu ni mseto.”

Na kweli ulikuwa mseto. Wao huuita khichri. Mchele na choroko zilizopazwa, sawa kwa sawa, kikombe kwa kikombe, vimechemshwa kwa maji vikombe sita mpaka vikalainika na kushikana, vikatiwa manjano na tangawizi iliyopondwa. Na juu yake, mwisho kabisa, kijiko cha samli iliyokaangiwa bizari nyembamba na karafuu mbili, kikamiminwa kingali kikilia. Chumvi ilikuwa kidogo mno, kwani Apa alikuwa ameuliza kwanza daktari amekataza nini. Mama alikula nusu bakuli, akanyamaza, akamaliza. Kisha akalala, na nilipomshika mkono ulikuwa na uvuguvugu.

Tangu siku hiyo wale wazee wawili, mmoja asiyejua ila Kiswahili na mwingine asiyejua ila Urdu, walikaa pamoja jikoni kila siku baada ya swala ya asubuhi, na walielewana. Mwanzo nalidhani ni ishara za mikono tu. Lakini ukisikiliza vizuri, maneno ya jikoni yalikuwa yao wote: chai, chapati, achari, pilau, biriani, halua. Apa akisema shorba, mama husikia shurba. Akisema ilaichi, mama anyoosha mkono kwenye iliki. Akisema dawa, hapana haja ya kufasiri. Hata hilo neno masala, ambalo twadhani ni la Kihindi kabisa, asili yake ni Kiarabu, wingi wa neno maslaha: viungo ni mambo yenye maslaha ya chakula. Na siku mama alipofungua kopo la viungo la Apa akaona karafuu, alizinusa akasema hizi ni zetu. Hakuwa na ushahidi, lakini dhana yake haikuwa mbaya, maana Bara Hindi ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karafuu ya Unguja na Pemba tangu zamani.

Sasa niingie katika vyakula vyenyewe. Na cha kwanza, kwa haki yake, ni nihari.

Neno hili msomaji wa mashairi yetu atalitambua mara moja, maana asili yake ni nahari ya Kiarabu, yaani mchana, ambayo washairi wetu huifuatanisha na leli. Nihari hupikwa usiku ili iliwe kunapokucha. Ni nyama ya muundi, ya ng'ombe, nyati wa kufugwa au mbuzi mkubwa, pamoja na mifupa yake yenye uloto. Hukaangwa kwanza katika samli na vitunguu, hutiwa tangawizi mbichi na kavu, shamari, iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga, basbasi na pilipili, kisha maji mengi. Mfuniko huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, na chungu huachwa juu ya moto mdogo saa sita, saba, hata usiku kucha. Kabla ya kupakuliwa hutiwa unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ili mchuzi uwe mzito. Juu hutiwa tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, pilipili mbichi, giligilani na ndimu. Delhi huliwa na mkate wa hamira uliookwa katika tanuri, ndugu wa mofa yetu. Lucknow huliwa na kulcha.

Nilikwenda Delhi ya zamani, mitaa iliyo karibu na Jama Masjid, ule msikiti mkuu aliojengesha Shah Jahan katika karne ya 17. Ilikuwa baada ya alfajiri, ukungu umefunika minara. Vibarua, wachukuzi na wavuta rikisho walikuwa wamekaa bega kwa bega, kila mtu na bakuli lake, hapana asemaye. Mwenye duka huchota kutoka katika chungu kikubwa kilichofukiwa nusu katika jiko la udongo. Nalikula. Sitaki kutia chumvi katika sifa, lakini nilihisi joto likishuka kifuani, likafika tumboni, likaenda mpaka vidole vya miguu ambavyo nalikuwa nimevisahau tangu Mombasa. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne tumbo likakataa, nikalala kitandani nikinywa maji ya shamari aliyoniletea Apa huku akicheka. Nihari ni chakula cha mtu atakayebeba magunia mpaka alasiri. Mtu atakayekaa kwenye kiti cha hospitali akingoja daktari hana kazi ya kuifanyia.

Katika baadhi ya maduka ya chakula ya mitaa ile nikaona jambo jingine. Mafakiri huchutama kwa safu mbele ya duka, kimya, wamejifunika magunia na mablanketi. Mpita njia humpa mwenye duka pesa za watu watano au kumi, asiseme neno, akaenda zake. Na watu watano au kumi wa mwanzo katika safu huletewa chakula. Mwenye kutoa hajulikani na mwenye kupewa. Delhi ina watu wengi wasio na nyumba, na usiku wa Januari kwao si jambo la mzaha. Pia masingasinga katika hekalu lao la Bangla Sahib hulisha maelfu ya watu kila siku bila ya kuuliza dini, mikate na dengu za moto. Sisi tumefundishwa katika hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba apikaye mchuzi auongeze maji na awatazame jirani zake, nami nakiri kwamba maana ya kule kuongeza maji sikuipata vizuri mpaka nilipoona mvuke ukitoka katika bakuli la mtu mwenye baridi.

Lucknow nao wana kisa chao. Nawabu Asaf-ud-Daula alianza kujenga Imambara Kubwa mwaka 1784 wakati wa njaa, ili watu wapate kazi na riziki. Wapishi wa mji ule husimulia kwamba ndipo ulipoenea upishi wa dam: nyama, mchele na viungo hutiwa katika vyungu vikubwa mno, vikazibwa kwa unga, vikaachwa juu ya moto mdogo mchana na usiku ili kila kibarua atakayekuja akikute chakula cha moto. Wapishi ni wasimulizi kama wavuvi, lakini jengo lipo mpaka leo, na njaa ile ilikuwako.

Ama Kashmir sikufika. Lakini kila baridi wauza shali wa Kashmir hushuka Delhi na mabunda yao, na wawili walipanga chumba cha chini katika nyumba ya Apa. Walicheka waliponiona natetemeka. Kwao, walisema, kuna siku 40 ziitwazo Chillai Kalan, kuanzia tarehe 21 Disemba mpaka mwisho wa Januari, ambapo maji huganda katika mifereji na ziwa la Dal hufanya barafu kandokando. Barabara ya kwenda Jammu mara nyingi huzibwa na theluji, kwa hiyo akina mama hukausha maboga, nyanya na mabiringani wakati wa kiangazi wakayatunga kwa nyuzi, wakayala wakati wa baridi. Mtu huvaa joho pana, na ndani yake huchukua chungu kidogo cha makaa kilichosukiwa kikapu, huenda nacho kama mtu abebaye mtoto. Nikawauliza juu ya sumu ya makaa. Wakasema hutembea nacho na kukaa nacho, lakini mtu mwenye akili halali nacho.

Chakula chao cha asubuhi wakati huo huitwa harisa, nacho hupikwa baridi tu. Nyama ya kondoo na mchele huchemshwa usiku kucha, huondolewa mifupa, kisha hupondwa na kukorogwa mpaka nyama na nafaka visitengane, hutiwa shamari na mdalasini, na samli ya moto juu. Waliponieleza, mama aliyekuwa akisikiliza kutoka ngazini aliniuliza wanasema nini. Nikamfasiria. Akasema, “Waambie hiyo ni bokoboko, na sisi hupika kwa ngano, na hatukungoja baridi.”

Naye alisema kweli. Harisa ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuponda. Kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10, kinacho chakula hicho. Kutoka Uarabuni kikaenda kila upande. Kikafika Kashmir; kikafika Hyderabad, ambako Waarabu wa Hadhramaut waliokuwa askari wa Nizam walikaa katika mtaa wa Barkas, na humo harisi hupikwa hata sasa; nacho kikafika kwetu Lamu, Mombasa na Unguja pamoja na Mahadhrami wengine wa kabila hizo hizo. Ndugu yake, halim ya Hyderabad, iliyotiwa dengu na viungo vya Kihindi, mwaka 2010 ilipewa hati ya kulindwa jina lake, nayo ikawa chakula cha kwanza cha nyama katika India kupata heshima hiyo. Mama wa Kiswahili apigaye bokoboko kwa mwiko mpaka jasho limtoke anafanya kazi ile ile ya mpishi wa Srinagar. Tofauti ni kwamba yule wa Srinagar hulifurahia jasho.

Kinywaji cha watu hao ni kahwa, ambayo si kahawa yetu ingawa jina ni moja. Ni chai ya kijani iliyochemshwa na iliki, mdalasini na nyuzi mbili tatu za zafarani, juu yake lozi zilizopondwa. Wanayo na chai ya pili, ya chumvi na magadi, yenye rangi ya waridi. Hiyo nilikunywa kwa adabu.

Msomaji atauliza: je, vyakula hivi hupasha mwili kweli, au ni maneno ya watu wazima? Apa hakuwa na shaka. Yeye aliugawa ulimwengu wote wa chakula mafungu mawili, cha moto na cha baridi, wala hakusudii moto wa jikoni. Tangawizi, karafuu, mayai, asali na ufuta ni vya moto. Matango, maziwa ya mgando na mchele ni vya baridi. Mafundisho haya ni ya tiba ya Kiyunani, ambayo waganga wa Kiislamu waliipokea kutoka kwa Hipokrati na Jalinusi, Ibn Sina akaipanga katika Qanun yake, nayo ikaingia Bara Hindi ikakaa. Hakim Ajmal Khan wa Delhi, aliyezaliwa mwaka 1868 akafa mwaka 1927, aliitumikia maisha yake yote, na chuo chake cha tiba kilifunguliwa mwaka 1921 na Gandhi. Bibi zetu nao walikuwa na mafundisho hayo hayo. Ni nani kati yetu hakuambiwa utotoni kwamba mzazi asile vitu baridi?

Elimu ya leo haiyakubali mafungu hayo kwa jinsi yalivyoandikwa, lakini haikuwacheka sana wazee. Pilipili, kwanza, yenyewe si mwenyeji wa Bara Hindi. Ilitoka Marekani, Wareno wakaileta katika karne ya 16. Pilipili huigusa mishipa ileile ya fahamu inayohisi moto, ikaudanganya ubongo kwamba ulimi unaungua. Mtaalamu David Julius alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na mwenzake, na kazi yake ilianzia katika siri hii ya pilipili. Lakini mwili uliodanganywa hutoa jasho, na jasho hupoza. Kwa hiyo ajazaye pilipili ili apate joto amepata hisia ya joto tu. Joto la kweli hutoka kwingine. Hutoka katika mchuzi wenyewe, ulio moto. Hutoka katika kazi ya mwili kusaga chakula, na chakula cha kujenga mwili kama nyama, dengu na choroko hutaka kazi kubwa kuliko vingine: katika kila sehemu 100 za nguvu zake, 20 hadi 30 hutumika katika kusagwa tu, ambapo mafuta hutumia si zaidi ya 3. Na ule ugumu wa muundi, uliochemshwa saa nyingi, hulainika ukawa kama utando mwororo ambao hata asiye na meno huula. Ama tangawizi, iliyotajwa katika Kurani Tukufu, sura ya 76, katika vinywaji vya watu wa peponi, hutuliza kichefuchefu, na hilo limejaribiwa na kuthibiti. Mgonjwa aliyetapishwa na dawa akiweza kula kwa ajili ya tangawizi, hiyo ni faida kubwa.

Lakini haifai kuvifanya vyakula hivi kuwa dawa ya kila kitu, na hapa nataka kusema wazi. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Shirika la Afya la Ulimwengu lataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na achari ya embe peke yake huweza kula sehemu kubwa ya haki hiyo. Mama aliipenda achari ya Apa. Siku moja nikakuta chupa imefichwa chini ya mto wake, imefungwa leso vizuri kama dhahabu. Tuligombana, na Apa aliposikia alilia, akidhani amemdhuru. Baadaye alimtengenezea nyingine: figili na karoti katika ndimu na tangawizi, bila ya chumvi. Mama alisema haina ladha. Aliimaliza.

Kadhalika halua ya karoti. Katika miezi hiyo masoko ya Delhi hujaa karoti nyekundu, tamu, ndefu, ambazo nyakati nyingine hazionekani. Huparuzwa, huchemshwa katika maziwa mengi mpaka maziwa yote yakauke, kisha hukaangwa kwa samli na sukari, iliki na lozi. Katika baridi ni tamu mpaka mtu hujisahau. Lakini kwa mwenye kisukari ni hatari, na kisukari kimeenea sana huko kama kilivyoenea katika nyumba zetu za pwani. Apa mwenyewe alikuwa nacho. Alipika sufuria nzima kwa ajili ya wajukuu, akaonja ncha ya kijiko, akakiosha.

Vilivyonipendeza zaidi, na vyenye faida kuliko vyote kwa hukumu yangu, ni vyakula vya maskini. Wapunjabi hula mboga ya majani ya haradali, yaliyochumwa mashamba yangali mabichi, yakapikwa muda mrefu na mchicha na tangawizi mpaka yakawa kama uji mzito, pamoja na mkate wa unga wa mahindi. Watu wa Rajasthan na Gujarat hula mikate ya uwele na sukari guru na samli kidogo, au mseto wa uwele. Uwele huo, ndugu msomaji, ulitoka kwetu Afrika. Ulipandwa kwanza pembezoni mwa jangwa la Sahara, ukavuka bahari ukafika Bara Hindi miaka elfu tatu na zaidi iliyopita. Serikali ya India ilipoomba, Umoja wa Mataifa ukaufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka hizi ulimwenguni kote. Na sisi tulio wenyewe tunaununua mkate mweupe dukani na kuuona uwele ni chakula cha ndege.

Tulikaa wiki saba. Mwezi wa Februari ulipokaribia kwisha, ukungu ukaondoka, mashamba ya haradali nje ya mji yakawa manjano tupu, na duka moja la nihari nililolijua likaanza kufunga mapema. Mama alikuwa akipanda ngazi peke yake. Siku ya kuondoka Apa alimpa kopo la viungo alivyovisaga mwenyewe, na mama akamfunga leso yake ya pili begani, ile nzuri, akamwonyesha jinsi ya kuikaza. Hawakusema mengi.

Tulifika Mombasa jua kali, kaskazi ingali ikivuma, nyumba nzima imefunguliwa madirisha. Dada zangu walikuwa wametengeneza maji ya ndimu na barafu. Mama akanywa kidogo, akaenda jikoni na kopo lake, akauliza choroko ziko wapi.